Gramu Moja Moja: Historia ya Kulipunguzia Gari Uzito na Swali la Nani Anayelipa

Kila anayepunguza kitu, awe fundi wa gari la mashindano au ofisa bajeti wa wizara, ana maswali mawili ya kujibu. La kwanza: kitu hiki kina uzito gani? La pili: kikiondolewa, kazi yake itabebwa na nani? Swali la kwanza hujibiwa na mizani. Swali la pili halina mizani, na kwa sababu hiyo ndilo husahaulika.

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kunisoma nikiandika kuhusu katiba, vyama na mishahara. Leo naomba tuingie karakana. Lugha ya siasa zetu imejaa msamiati wa uzito: serikali nene, bajeti yenye mafuta, kukaza mkanda, kupunguza mzigo. Watu wanaoitumia lugha hiyo huitumia kana kwamba wepesi ni wema siku zote. Wahandisi wa magari ya michezo wameishughulikia hoja hiyo kwa muda wa karne nzima, kwa mizani mkononi, na baadhi ya majibu waliyoyapata yaliwagharimu watu maisha. Historia yao inafaa kusomwa na yeyote anayeshika kalamu ya kukata.

Kwa nini wepesi

Tuanze na hesabu. Chukua gari la kilo 1,000 lenye injini ya nguvu farasi 200. Kila farasi anavuta kilo 5. Ukitaka kila farasi avute kilo 4 tu, una njia mbili: ongeza injini ifikie farasi 250, au ondoa kilo 200 kwenye gari. Kwenye karatasi njia hizi ni sawa. Barabarani hazifanani hata kidogo. Injini kubwa itakusaidia unapokanyaga mafuta. Gari jepesi litakusaidia unapokanyaga mafuta, unapofunga breki, unapokata kona, unapohesabu matairi yaliyoisha na unapolipa kituo cha mafuta. Tena, injini kubwa yenyewe ina uzito, hudai breki kubwa zaidi, tangi kubwa zaidi na chesisi imara zaidi, na kila kimojawapo huongeza kilo. Uzito huzaa uzito. Wepesi nao huzaa wepesi.

Ndipo ikazaliwa kazi ya kulinganisha vipande. Fundi hufungua kila kitu, hukiweka kwenye mizani, huandika uzito wake, kisha hutafuta mbadala na kuuandika pembeni: rimu ya chuma na rimu ya alumini, betri ya risasi na betri ya lithiamu, kioo na plastiki ngumu, siti ya kawaida na ganda la nyuzi za kaboni. Safu ya tatu ni tofauti ya uzito, na ya nne ni bei. Ukigawanya bei kwa tofauti ya uzito unapata gharama ya kila kilo iliyookolewa, na hapo unajua uanze wapi. Kilo za kwanza ni za bure: mazulia, siti za nyuma, redio. Kilo za mwisho ndizo ghali kuliko zote.

Jedwali hilo, hata hivyo, lina mitego miwili. Mtego wa kwanza ni kwamba kilo zote si sawa. Kilo iliyo kwenye gurudumu, chini ya springi, huisumbua gari zaidi ya kilo iliyo sakafuni, kwa sababu gurudumu zito hukawia kufuata mashimo na matuta, na pia linapaswa kuzungushwa. Kilo iliyo juu ya paa huinamisha gari kwenye kona kuliko kilo iliyo chini. Kwa hiyo mtu anayejumlisha kilo bila kuuliza zilikuwa wapi amepata hesabu sahihi na maana potofu.

Mtego wa pili ni wa mali ghafi. Sentimita moja ya ujazo ya chuma ina gramu 7.85 hivi, ya titani 4.5, ya alumini 2.7, ya magnesi 1.74. Mtu atasema: basi tuweke alumini, tuokoe theluthi mbili. Lakini ugumu wa alumini dhidi ya kupinda ni kama theluthi moja tu ya ule wa chuma. Kipande kile kile, kwa umbo lile lile, kitalegea. Ili kifanye kazi yake lazima kichorwe upya, kinenepeshwe hapa, kipanuliwe pale. Anayebadilisha mali ghafi bila kubadilisha mchoro huwa hajaokoa chochote. Amehamisha hatari tu.

Sheria ya kilo 750

Mwaka 1931 Mercedes-Benz walitengeneza gari lililoitwa SSKL. Herufi ya mwisho ilisimama badala ya neno la Kijerumani lenye maana ya nyepesi. Gari lilikuwa zito kwa asili, hivyo mafundi walitoboa fremu yake matundu mengi makubwa, wakaondoa chuma ambacho waliamini hakibebi mzigo wa maana. Rudolf Caracciola aliliendesha na kushinda Mille Miglia mwaka huo, akiwa mgeni wa kwanza kushinda mashindano yale ya Italia. Matundu yakawa mtindo. Ukitazama picha za magari ya mashindano ya enzi ile utadhani yameliwa na mchwa.

Mwaka 1934 shirikisho la kimataifa la mashindano lilileta sheria mpya: gari la Grand Prix lisizidi kilo 750, bila kuhesabu dereva, mafuta, oili, maji na matairi. Nia ilikuwa njema. Magari yalikuwa yamekuwa ya kasi ya kutisha, na watunga sheria walifikiri kwamba gari jepesi litalazimika kubeba injini ndogo, na injini ndogo itapunguza kasi. Wahandisi wa Mercedes-Benz na Auto Union waliisoma sheria hiyo wakaona kitu kingine: ikiwa kilo 750 ndiyo dari, basi kila kilo tunayoiokoa kwenye fremu ni kilo tunayoruhusiwa kuiweka kwenye injini. Wakatumia aloi nyepesi kila walipoweza. Mercedes ya mwaka 1934 ilianza na injini ya lita 3.4, ile ya mwaka 1937, chini ya sheria ile ile, ilikuwa na lita 5.66 na nguvu inayokaribia farasi 600. Sheria iliyotungwa kupunguza kasi ilizaa magari yenye nguvu kuliko yote yaliyowahi kushindania Grand Prix hadi wakati huo, na rekodi hiyo ilidumu kwa miongo kadhaa.

Watumishi wa umma wanaosoma hapa wataitambua hali hii bila kuelezwa. Ukiweka kikomo kwenye kitu unachoweza kukipima kwa urahisi ili kudhibiti kitu unachokiogopa, watu werevu watakitii kikomo na kukiacha unachokiogopa kikue. Tena kumbuka werevu huo ulilipiwa na nani. Serikali ya Kinazi iliyapa makampuni yale mawili ruzuku, na ushindi wao ukawa tangazo la utawala.

Kutoka mwaka huo imebaki hekaya mashuhuri. Alfred Neubauer, meneja wa timu ya Mercedes, alisimulia katika kumbukumbu zake zilizochapishwa miaka ya 1950 kwamba magari yao yalipopimwa Nürburgring Juni 1934 yalizidi kwa kilo moja, na usiku kucha mafundi wakakwangua rangi nyeupe hadi alumini tupu ikang'aa. Ndivyo ilivyozaliwa Mishale ya Fedha. Simulizi hii inapendeza, na ni mfano mzuri wa kwa nini wanahistoria huitwa waharibifu wa raha. Mashindano yale hayakuendeshwa chini ya sheria ya kilo 750, kwa hiyo hapakuwa na sababu ya kukwangua chochote. Na gari la Mercedes lenye bodi ya rangi ya fedha lilikuwa limeshashinda AVUS, Berlin, mwaka 1932. Hata hivyo hekaya imedumu kwa sababu inatuambia tunachopenda kusikia: kwamba tofauti kati ya kushindwa na kushinda ni kilo moja ya rangi, kitu ambacho hakuna atakayekikosa. Upunguzaji wote ungekuwa hivyo, makala haya yasingekuwa na sababu ya kuandikwa.

Metali inayowaka

Magnesi ni nyepesi kuliko alumini kwa zaidi ya theluthi moja. Ina kasoro moja: ikishika moto huwaka kwa mwanga mweupe mkali, na maji huuchochea moto huo badala ya kuuzima. Bodi ya Mercedes-Benz 300 SLR ya mwaka 1955 ilitengenezwa kwa aloi ya magnesi.

Tarehe 11 Juni 1955, katika mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa, gari la aina hiyo likiendeshwa na Pierre Levegh liligonga gari dogo lililokuwa limekwepa mbele yake, likaruka juu ya tuta na kuvunjika. Injini na ekseli ya mbele vilirushwa katikati ya umati. Watazamaji zaidi ya 80 walikufa pamoja na Levegh mwenyewe. Wengi waliuawa na vipande vilivyoruka, si na moto. Haki ya historia inadai tuseme hivyo. Lakini mabaki ya gari yaliwaka kwa saa kadhaa, na maji ya wazima moto yaliongeza ukali wake. Mashindano hayakusimamishwa. Uswisi ilipiga marufuku mashindano ya magari viwanjani, na katazo hilo lilidumu kwa miongo mingi.

Katika jedwali la mhandisi, magnesi ilionekana kama tofauti ya kilo. Hapakuwa na safu kwa ajili ya mzima moto mwenye bomba la maji, wala kwa ajili ya mtu aliyenunua tiketi akasimama nyuma ya tuta la udongo. Watu hao hawakuulizwa. Hatari waliyobebeshwa haikuandikwa popote kwa sababu haikuwa na gramu.

Chapman na barua ya Rindt

Hakuna jina linalofungamana na wepesi kama la Mwingereza Colin Chapman. Alizaliwa mwaka 1928, akasomea uhandisi wa miundo University College London, na mwaka 1948 akaunda gari lake la kwanza kutokana na Austin Seven kuukuu. Kampuni yake, Lotus, haikuwa na fedha za kushindana na matajiri kwa injini, hivyo ilishindana nao kwa mizani. Lotus Seven ya mwaka 1957 ilikuwa chini ya kilo 500, haina mlango wa maana, haina starehe, na iliyashinda magari ya bei mara kadhaa ya bei yake. Falsafa anayohusishwa nayo ni ya kurahisisha kwanza, kisha kuongeza wepesi.

Zingatia neno kurahisisha. Chapman katika ubora wake hakukonda vipande. Alivifuta kwa kukipa kipande kimoja kazi za viwili. Mwaka 1962 alileta Lotus 25 huko Zandvoort, Uholanzi. Badala ya fremu ya mabomba iliyofunikwa na bodi, ganda lenyewe likawa mifupa ya gari. Likawa jepesi kuliko fremu ya zamani na wakati huohuo gumu zaidi. Jim Clark alitwaa nalo ubingwa wa dunia mwaka 1963. Huu ndio upunguzaji wa heshima: unatokana na kuelewa mzigo unapita wapi, na mwishowe kitu kinakuwa chepesi na imara kwa pamoja.

Lakini kulikuwa na Chapman wa pili, aliyekikonda kipande hadi kikaribie kukatika. Mwaka 1960, katika mazoezi ya Spa, Ubelgiji, Stirling Moss alichomokewa na gurudumu la Lotus akavunjika miguu yote miwili. Siku hiyo hiyo Mike Taylor, naye akiwa ndani ya Lotus, alikatikiwa na mhimili wa usukani. Mei 1969, kwenye uwanja wa Montjuïc mjini Barcelona, mabawa marefu ya nyuma ya Lotus mbili yalivunjika katika mashindano yale yale. Graham Hill akagonga, kisha Jochen Rindt akaja kugonga mabaki ya gari la Hill.

Siku chache baadaye Rindt, Mwaustria aliyekuwa miongoni mwa madereva wepesi kuliko wote duniani, alimwandikia Chapman barua ambayo imehifadhiwa. Maudhui yake ni haya: magari yako yana kasi kiasi kwamba hata ukiyaongezea uzito kidogo ili kuimarisha sehemu dhaifu, bado tutashindana, nami siwezi kuendesha gari nisiloliamini, na imani hiyo inakaribia kwisha. Tuisome barua hiyo kama hati ya kisiasa, maana ndivyo ilivyo. Aliyeketi juu ya kipande anamwomba aliyekichora kilo chache. Hakatai wepesi, wala hadai starehe. Anaomba sauti katika uamuzi wa wapi kukata.

Mwaka 1970 Rindt alishinda mashindano matano akiwa na Lotus. Tarehe 5 Septemba, katika mazoezi ya Monza, Italia, shafti ya breki ya mbele upande wa kulia ilikatika alipokuwa akifunga breki. Shafti hiyo ilikuwa na uwazi ndani. Breki zilikuwa zimetolewa kwenye magurudumu na kuwekwa ndani ya gari ili kupunguza uzito ulio chini ya springi, na shafti ndiyo iliyobeba nguvu yote ya kufunga. Gari likaingia kwenye kizuizi cha pembeni kilichofungwa vibaya. Rindt akafa. Pointi zake hazikufikiwa na yeyote hadi msimu ulipoisha, akawa bingwa wa dunia pekee aliyetawazwa akiwa kaburini. Mahakama ya Italia haikumtia Chapman hatiani, na ubovu wa kizuizi ulikuwa sehemu halali ya utetezi. Hata hivyo barua ilikuwepo, na ilikuwa imeandikwa miezi kumi na sita kabla.

Kutoka mlimani hadi Safari

Wajerumani wa Porsche, chini ya Ferdinand Piëch, waliusukuma mchezo huu hadi mwisho wake. Mwaka 1968 walitengeneza gari la mbio za kupanda milima, 909, lenye uzito chini ya kilo 400, likiwa na breki za berili, metali nyepesi ambayo vumbi lake ni sumu kwa mapafu. Gari lile lilikusudiwa kukimbia dakika chache tu kwa safari. Kilichoundwa kuishi dakika tano kinaweza kuwa chepesi kuliko kilichoundwa kuishi siku nzima. Hilo si kosa, ni kujua safari yako.

Mwaka uliofuata wakaleta 917 kwa ajili ya mbio ndefu. Fremu yake ya mabomba ya alumini ilikuwa nyembamba mno, kiasi kwamba hofu ya nyufa haikuepukika. Wakafanya jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa la hekima kuliko yote katika historia hii: waliyajaza mabomba gesi yenye shinikizo na kuweka kipimo chake. Shinikizo likishuka, kuna ufa mahali. Walikata hadi ukingoni, lakini hawakukata bila kuweka njia ya kujua mapema kwamba wamekata mno. Hata hivyo tusiwatukuze kupita kiasi: 917 iliyoshinda Le Mans mwaka 1971, ikikimbia kilomita 5,335 kwa saa 24, ilikuwa na fremu ya magnesi, miaka 16 tu baada ya Levegh.

Sasa waulize Porsche hao hao kuhusu Afrika Mashariki. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya Safari, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwanza kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Ukitaka kuona wepesi ukihojiwa, tazama barabara za changarawe za msimu wa masika: matope, mito iliyofurika, mashimo, wanyama, na maelfu ya kilomita mbele yako. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari 7 tu yaliyomaliza. Timu zilizokuja Safari zilifanya kinyume cha kila kilichoelezwa hapo juu: ziliongeza. Ziliweka bamba la kukinga injini kwa chini, vyuma vya mbele vya kuzuia wanyama, taa za ziada, matairi ya akiba mawili, matangi makubwa, na kuimarisha sehemu za bodi zinazoshika springi.

Orodha ya washindi inafundisha. Peugeot 404, gari la familia na la teksi, ilishinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Peugeot 504 ikafuata mwaka 1975 na 1978. Porsche 911 ilishika nafasi ya pili mwaka 1972, 1974 na 1978, na katika miaka ile haikuwahi kushinda. Mwaka 1974 aliyeishinda alikuwa Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho na fundi kwa taaluma, akiendesha Mitsubishi Lancer ndogo. Singh huyo huyo, akiwa na ndugu yake Jaswant, alikuwa ameshinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika.

Tusivutwe kusema kwamba uzito ndio ulioshinda, kwa maana Lancer haikuwa gari zito. Tunachoweza kusema ni kwamba Safari ilikuwa na mizani yake. Ilimwuliza kila mhandisi: kipande ulichokiondoa Ulaya, ulikiondoa kwa sababu hakina kazi, au kwa sababu barabara yenu haijawahi kukidai? Bamba la chini ya injini ni uzito wa bure Monza. Kati ya Voi na Mombasa mvua ikinyesha, ni tofauti ya kufika na kutofika.

Siku ya kupimwa

Mashindano ya Formula 1 yalikwisha kujifunza kuweka kikomo upande wa pili. Tangu mwaka 1961 sheria ilitaja uzito wa chini, kilo 450 kwa wakati huo, ili ushindani usiwalazimishe watu kujenga majeneza mepesi. Hapo ukafunguka ukurasa ambao wakaguzi wa hesabu wataufurahia.

Mapema miaka ya 1980 timu kadhaa zilifunga matangi makubwa ya maji, zikadai kwamba ni ya kupoza breki. Maji yalimwagwa mwanzoni mwa mbio, gari likakimbia likiwa chini ya uzito halali, kisha kabla ya kupimwa tangi likajazwa tena, kwa kuwa sheria iliruhusu vimiminika kurudishiwa. Machi 1982 Nelson Piquet na Keke Rosberg walinyang'anywa nafasi ya kwanza na ya pili za Brazil kwa sababu hiyo, na hasira zilizofuata zikafanya timu nyingi zisusie mashindano ya San Marino. Mwaka 1984 timu ya Tyrrell ilikutwa na vitufe vya risasi ndani ya tangi la maji, vikiwa vimeingizwa pamoja na maji hayo karibu na mwisho wa mbio. Matokeo yao yote ya msimu yakafutwa.

Mizani, basi, hupima siku ya kupimwa tu. Taasisi inayojua siku ya ukaguzi itakuwa na uzito halali siku hiyo. Tumeona zahanati zinazojaa dawa wiki ya ziara ya kiongozi, na madawati yanayohamishwa kutoka shule moja hadi nyingine. Tofauti ni kwamba kwa Tyrrell mtu alilifungua tangi akatazama ndani.

Na mwisho wa yote, vipande vilipokwisha, mizani ikamgeukia binadamu. Gari na dereva walikuwa wakipimwa pamoja, kwa hiyo dereva mrefu alikuwa hasara. Baadhi walikiri hadharani kwamba walijinyima chakula na maji. Ni mwaka 2019 tu ndipo sheria ilipomtenganisha dereva: yeye na siti yake wahesabiwe kwa kima cha chini cha kilo 80, na anayepungua aongezewe vipande vya uzito mahali pake. Kwa maneno mengine, ilibidi itungwe sheria ili mwili wa mtu uache kuwa safu katika jedwali la akiba.

Jedwali letu

Mwaka 1986 Tanzania ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na katika miaka iliyofuata tukaingia karakana. Watumishi wa umma walipunguzwa kwa maelfu, hospitali zikaanza kutoza, ada zikarudi shuleni hadi zilipofutwa tena katika shule za msingi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sisemi kwamba serikali ile haikuwa na uzito wa ziada. Ilikuwa nao. Nasema kwamba jedwali lililotumika lilikuwa na safu ya kiasi na safu ya akiba, na halikuwa na safu ya tatu: kazi hii itabebwa na nani? Ilibebwa na mama aliyejifungulia nyumbani na na mtoto wa kike aliyebaki kuchota maji. Walikuwa watazamaji nyuma ya tuta.

Upunguzaji wa haki upo. Mwaka 2016, majina zaidi ya 10,000 ya watumishi hewa yalipoondolewa kwenye orodha ya mishahara, kilichoondoka hakikuwa kimebeba mzigo wowote wa umma. Hayo ni mazulia na redio. Na gari la serikali maarufu kwa jina la shangingi, lenye zaidi ya tani mbili na nusu, likimbeba mtu mmoja kwenye lami kutoka ofisini kwenda semina, linafaa kuwekwa kwenye mizani kabla ya muuguzi wa zamu ya usiku. Shangingi lile lile likiwa limepangiwa mkoa usio na lami, na ndani yake kuna chanjo, ni bamba la chini ya injini. Uzito wa kitu hauamuliwi na jina lake, bali na kazi yake na barabara yake.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wangu, wanaharakati na ndugu zangu wa wizarani jambo moja ambalo linawezekana. Bajeti inaposomwa mwezi Juni, na kila mara mtu anapopendekeza kukata, tudai vitu vitatu viandikwe: kazi ya kipande kinachoondolewa, jina la atakayeibeba kazi hiyo, na kipimo kitakachotuonya mapema kama tumekata mno. Porsche waliweka gesi ndani ya mabomba yao. Lotus walipewa onyo kwa barua, na lililetwa na mtu aliyekuwa akikalia siti. Kwetu barua za namna hiyo huandikwa kila mwaka na walimu, wauguzi na mafundi wa maji. Zimo kwenye mafaili. Ofisa atakayezisoma kabla ya kukata atakuwa amefanya kazi ambayo mizani haiwezi kumfanyia.